Jiwe la Manjano na Baridi ya Alhamisi

Niliacha shule darasa la nne na sioni haya kulisema. Redio ya kwanza niliyoifungua niliiua. Ya pili niliiponya. Tangu hapo hakuna aliyenifundisha kitu ambacho sikukivunja kwanza kwa mikono yangu. Nilivuka kutoka Kenya na bisibisi mbili na koti la marehemu baba, nikaweka meza yangu ya ufundi Kabalagala, mjini Kampala, ubavuni mwa baa, kwa sababu wenye baa hawataki muziki ukatike. Transista zilipoingia, mafundi wenzangu wengi waliziogopa. Walizoea valvu, kitu cha kioo ambacho kikifa unakiona kimefa. Transista ikifa haibadiliki sura. Mimi nilikaa nazo mpaka nikazijua kwa kugusa.

Hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu. Sitamtaja jina, jina lake wanalo watoto wake. Alifundisha fizikia chuo kikuu, kule kilimani, na siku moja aliniletea mashine ya kuchorea, aina ile yenye kalamu inayotembea juu ya karatasi ndefu. Mafundi wa Kihindi waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wamefukuzwa nchini, na maduka yao walipewa watu ambao hawakujua hata kubadilisha fyuzi. Nikaitengeneza akiwa amesimama pale pale. Akanitazama mikono, hakunitazama uso. Kesho yake alirudi akaniambia chuo kinataka fundi na yeye ameshanitaja mimi.

Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mtoto wa sajini wa polisi, amekulia kwenye mabweni ya polisi. Kiganda chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Watu wengi wa Kampala hawakukipenda Kiswahili miaka ile. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa watu wenye bunduki. Sisi tulikitumia kuongea juu ya jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la manjano, dogo kuliko punje ya mahindi. Wenye elimu huliita fuwele. Mwalimu alikuja nalo kutoka Ulaya alikosomea, limefungwa ndani ya pamba kama jino la mtoto. Ukilipoza sana na kulimulika kwa taa ya zambarau, linawaka kijani. Kazi yetu ilikuwa kuupima huo ukijani, rangi kwa rangi, mpaka kalamu ichore mlima kwenye karatasi.

Nilimuuliza mlima ule ni wa nini. Alinieleza mara moja tu, nami sijasahau. Mwanga ukipiga jiwe, alisema, unang'oa elektroni mahali pake. Pale ilipokuwa panabaki tundu. Na tundu si kitu cha kukaa bure; linatembea ndani ya jiwe kama mtu anayetembea. Elektroni na tundu huvutana, wakazungukana, wakaishi pamoja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha elektroni inaanguka ndani ya tundu na wote wawili wanakwisha. Mwanga wa kijani ni kule kuisha kwao. Wale wawili hawana chaji ya umeme, kwa sababu mmoja anafuta ya mwenzake. Lakini kuna wakati elektroni nyingine inayozurura ndani ya jiwe inajibandika kwao.

"Wewe umekaa kwa lines za polisi?" aliniuliza. "Chumba moja, mzee na mama wamegawanya na pazia. Sasa binamu anatoka kijiji, analala nyuma ya pazia, haendi. Hiyo ndiyo ya tatu."

Wakiwa watatu wana chaji, na mwanga wao wanapokwisha unapungua nguvu kidogo sana. Kwa hiyo kando ya mlima mkubwa wa wale wawili kulitakiwa kuwe na kichuguu. Alisema kuna mtu wa nchi za nje ameandika kwamba lazima kitu hicho kiwepo, na kukiona ni shida kwa sababu joto kidogo tu linamfukuza huyo wa tatu. Tangu siku hiyo tulikiita kichuguu hicho Mgeni. Tulikuwa tukimsubiri Mgeni mchana kutwa katika chumba chenye mapazia meusi, kwa kuwa kile kidude cha kuonea mwanga, tulichokiita jicho, kikipigwa na jua huku kina umeme kinakufa palepale.

Amplifaya ya kukuza kile kisauti cha jicho niliijenga mimi. Nataka hili lieleweke. Hakukuwa na amplifaya ya kununua nchini. Niliiunga kutoka kwenye redio zilizokufa, transista moja moja, nikichagua ile iliyotulia kuliko zote katika kila dazeni. Kila kiungo cha solda niliking'arisha mpaka kikang'aa kama shilingi mpya. Mwalimu aliipima siku mbili akasema nzuri. Hakuwa mtu wa kusema nzuri.

Na baridi niliileta mimi vilevile. Baridi tulikuwa tukiita naitrojeni ya maji, kitu kinachochemka huku kikigandisha. Njia ya kwenda Entebbe palikuwa na kituo cha kupandishia ng'ombe, walikohifadhi mbegu za madume ndani ya baridi hiyo. Siku ya Alhamisi waliigawa. Nilikwenda na thamosi kubwa ya chuma, inayofika kiunoni, nikarudi nayo kwa pikapu ya chuo petroli ikiwepo, na isipokuwepo kwa gari lolote litakalokubali. Mwalimu aliifunga pampu juu yake ili baridi izidi kuwa baridi. Alijua kwamba bado haitoshi. Kulikuwa na kitu kingine kinachopoza zaidi, lakini hakikuwepo Afrika Mashariki nzima. "Tutajaribu na iko," alisema.

Basi mambo yakaanza kuwa mabaya kwa watu wa kwao. Wasomaji wa umri wangu wanajua. Mtu alikwenda kazini na kiti chake jioni kikawa tupu, na hakuna aliyeuliza kiti ni cha nani. Kwa watu wa lugha yake peke yake walichukuliwa wawili pale kilimani, mmoja wa maktaba na mmoja wa mahesabu. Mkewe alimsihi aondoke. Mimi pia nilimwambia, na si maneno matupu: binamu yangu alikuwa akifunga na kufungua mabehewa Port Bell, kwenye meli inayobeba mabehewa ya treni kwenda Kisumu. Aliniambia Jumatano asubuhi kuna behewa tupu linarudi Kenya, na mtu mmoja akilala chini ya maturubai hakuna atakayemwona. Mwalimu alikubali. Jumatano.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatano, Mgeni akaja.

Tulikuwa gizani. Kalamu ilipanda mlima, ikashuka, na karibu na chini ikasita, ikainuka kidogo, kimo cha ukucha, ikashuka tena. Mwalimu alingoja karatasi iishe. Halafu akainamisha kichwa juu yake muda mrefu sana.

Lakini alikuwa na sheria yake: kitu lazima kionekane katika mapozo mawili tofauti. Uache jiwe lirudi kwenye joto la chumba, ulipoze upya kwa baridi mpya, lichorwe tena. La sivyo hujaona kitu. Na thamosi ilikuwa imekwisha.

Jumatatu akaionyesha karatasi kwa mwalimu mwenzake, bwana mmoja mwenye suti na miwani, msomi wa nje. Nilikuwepo, nimeinama chini ya meza nikitafuta skrubu. Yule bwana aliitazama karatasi kama mtu anayetazama nguo kwenye duka ambamo hatanunua kitu. Alisema kile kichuguu ni solda mbovu. Alisema ukimpa mtu wa darasa la nne akujengee chombo, utaona maajabu mengi.

Mwalimu alinitetea. Lakini alinitetea taratibu, na nilisikia katika ule utaratibu kwamba naye hana hakika. Kilichonichoma ni hicho.

Jumanne mchana aliniita. Mlango aliufunga. Alikuwa amenyoa ndevu, nadhani kwa ajili ya safari.

"Fundi. Alhamisi iko baridi, ama hapana?"

Nilitazama thamosi kwenye kona.

"Kama haiko, kesho naenda na meli. Kama iko, nangoja mpaka Alhamisi, tunachora, halafu naenda na meli ya wiki ijayo na karatasi mbili. Karatasi moja haina maana. Watacheka mimi huko."

Sasa nisikilizeni. Jumatatu jioni mtu wa kituo cha ng'ombe alikuwa ameniambia kwamba mashine yao inakorofisha, na baridi iliyobaki ni ya mbegu tu, hawatampa mtu. Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa hapana. Sikuhitaji hata kudanganya ili kumwokoa yule mtu. Ilitakiwa niseme neno moja la kweli.

Nilisema, "Iko. Nitaleta."

Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka ile kalamu ipite tena mahali pale na iinuke tena, ili yule bwana wa miwani aone kwamba solda yangu ni safi. Nimejitafutia sababu nyingine miaka yote hii. Hakuna nyingine.

Mwalimu alinishika bega akafungua mlango. Siku ile ile nilimtumia binamu yangu ujumbe kwamba mtu wetu ana kazi, haji, lakini aliyeubeba alikunywa pombe njiani na hakufika.

Jumatano asubuhi nikiwa Kabalagala nilijua saa ambayo meli inaondoka. Nilikuwa nikifunga redio ya mtu. Nilitazama saa, nikaendelea kufunga.

Alhamisi nilikwenda kituoni na redio yangu mwenyewe, ya betri, yenye bendi tatu, ambayo ofisa mmoja alishawahi kuitaka nikamkatalia. Nilimpa yule mtu wa ng'ombe. Akaitazama, akatazama thamosi yangu, akasema, "Kale, ssebo," yaani haya bwana, "lakini nusu tu." Nusu ilitosha.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja aliona moshi mweupe ukitoka kwenye mfuniko akarudi nyuma hatua tatu na kunielekezea bunduki. Mfuniko wa thamosi ile huwekwa juu tu, haukazwi. Ukiukaza, baridi inakuwa hewa ndani na kupasua chuma. Akaniamuru niukaze. Nikamwambia afande, nikiukaza tutakufa wote. Akaniamuru niimwage.

Hapo ningeweza kuimwaga. Mwalimu angefunga chumba saa sita mchana, akaenda kujificha Ggaba kwa watu wa samaki kungoja meli nyingine, kama mkewe alivyokuwa amepanga. Badala yake nilichuma jani la mgomba kando ya barabara, nikalichovya, nikaligonga kwenye bodi ya pikapu. Likavunjika vipande kama sahani. Askari wakacheka. Wakataka tena. Nikawavunjia majani matano na ua moja, na mmoja akaniambia mimi ni mchawi wa Kavirondo, yaani wa kwetu Kenya, nipite. Niliondoka pale najiona mjanja kupita wote waliokuwa barabarani siku hiyo.

Tulianza saa nane mchana. Mapazia yameshushwa, taa ndogo nyekundu juu ya karatasi, pampu inanguruma. Jiwe likawaka. Kalamu ikaanza kupanda. Mlima huwa unachukua muda, kwa sababu unaizungusha ile skrubu ya rangi polepole sana, na skrubu nilikuwa nikiizungusha mimi. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kuliko wake. Ikashuka. Ikafika pale. Ikainuka.

Kimo kilekile. Mahali palepale.

"Solda yako ni safi, fundi," alisema.

Aliyasema kwa sauti ya chini na nilimwona meno kwenye ule wekundu. Niliendelea kuzungusha, kwa sababu mchoro usiofika mwisho wa karatasi hakuuhesabu. Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi. Hatukuziona.

Mlango ulifunguliwa kwa teke na jua likaingia lote. Kalamu iliruka mpaka ukingo wa karatasi ikabaki pale inatetemeka. Jicho limekufa, nilifikiri. Ndilo wazo langu la kwanza, sitalificha. Waliingia watu watatu wenye mashati ya maua, makachero, na mmoja mwenye sare. Mwenye sare aliangalia mapazia meusi, nyaya, taa ya zambarau, karatasi yenye mistari. Wewe unayesoma unajua ilikuwa nini. Yeye aliona mtu wa kaskazini amejifungia gizani na mitambo.

"Mnaongea na nani?" aliuliza.

Mwalimu akamweleza juu ya jiwe. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha kambini, kile kile alichonieleza mimi, na kwa kitambo kidogo nilidhani yule ofisa anasikiliza. Kisha ofisa akaweka kidole juu ya amplifaya yangu.

"Hii redio call nani alitengeneza?"

Nilifungua mdomo. Nataka mtu ajue kwamba niliufungua. Lakini mwalimu alikuwa ameshajibu.

"Mimi, afande. Huyu anafagia tu."

Ofisa akanigeukia. "Wewe unafanya nini hapa?"

Nimewahi kumpiga mtu ngumi baa kwa kuniita mbeba nyaya. Nilisema, "Nafagia, afande." Na kwa kuwa alinitazama bado, nikauchukua ufagio kwenye kona.

Walimtoa bila kumpiga, angalau mbele yangu. Walibeba amplifaya na karatasi zote mbili. Jiwe hawakuliona, lilikuwa bado ndani ya baridi. Mwalimu hakugeuka mlangoni. Nadhani aliogopa kwamba akigeuka watanikumbuka. Nilisikia mlango wa gari, wa mbele, halafu mfuniko wa buti ukifungwa kwa nguvu zaidi, nyuma. Hakuonekana tena, si hai si maiti.

Niruke mbele kidogo. Miaka mingi baadaye, nikiwa na duka langu na mafundi wanaoniita bosi, kijana mmoja anayefundisha chuo alikuja kununua vipuri. Nikamuuliza juu ya wale watatu. Alishangaa mzee kama mimi kujua. Alisema siku hizi wanatengeneza tabaka za fuwele nyembamba kiasi kwamba elektroni haina pa kukimbilia, na humo yule wa tatu anakaa wazi kabisa. Wanafunzi wanamwona kabla ya chakula cha mchana. Nikamweleza jiwe letu na baridi yetu. Akasema kwa adabu kwamba katika jiwe nene namna ile, kwa baridi ile, asingeweza kuonekana. Angekuwa ameshafukuzwa na joto. Tulichokiona huenda kilikuwa uchafu ndani ya jiwe. Nikamwuliza kama inaweza kuwa solda. Akasema hapana, solda haiwezi kurudia mahali pamoja namna hiyo mara mbili. Nilimpa vipuri vyake akaenda. Sikumwambia zaidi.

Jumamosi baada ya ile Alhamisi, mke wa mwalimu alikuja mezani kwangu Kabalagala. Alikuwa ameshazunguka ofisi zote ambako mke anaweza kuulizia mume bila yeye mwenyewe kubaki. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja.

"Jumatano ilikuwa nini? Aliniambia anaenda, halafu akaniambia haendi, akasema nitakueleza nikirudi. Sasa nieleze wewe."

Nikamwambia behewa lilijaa. Nikamwambia binamu yangu alileta habari Jumanne kwamba mzigo umeongezwa na hakuna nafasi ya mtu. Aliitikia kwa kichwa kidogo kidogo, akaikubali, na nilimwona ikimpunguzia kitu. Mtu akijua hakukuwa na njia, anaweza kukaa chini.

Nilimwambia nitamtoa yeye na watoto wake wawili kwa meli ile ile. Hilo nililifanya na sikumwomba mtu anisaidie. Jumatano iliyofuata, alfajiri ikiisha, tulishuka Port Bell. Ukuta wa gereza la Luzira uko karibu na mahali pale, na yule mama alipita akiutazama mpaka ukaisha. Nilikuwa nimepanga foleni tangu siku iliyotangulia nikapata mikate miwili, miaka ambayo mkate ulikuwa kama harusi. Nikampa mkononi kwa ajili ya watoto, kwa kuwa wangekaa majini mpaka kesho yake.

Binamu yangu alitufungulia behewa. Ni mtu mwema, mwenye maneno mengi, na hakujua chochote. Aliwapandisha watoto, akamshika mama mkono apande, na huku akimpandisha akampa pole.

"Mama, Jumatano ile nilimngoja bwana yako mpaka honi ya pili," alisema. "Behewa tupu kabisa, hata panya hakuna. Nikasema labda amechelewa njiani."

Yule mama alikuwa na mguu mmoja juu na mmoja chini. Alisimama hivyo. Hakumtazama binamu yangu, alinitazama mimi, na sikutafuta uongo mwingine. Uso wangu ulikuwa umeshajibu. Akamalizia kupanda. Kisha akageuka, akainama, akaniwekea ile mikate miwili mikononi, na mtoto wake mdogo akaanza kulia akiiona inaondoka.

Binamu yangu akavuta mlango. Alidhani mama hana njaa.

Nilisubiri honi ya kwanza na ya pili. Getini askari aliniuliza nimetoka wapi na nina nini mkononi. Nikampa mikate, akanifungulia nikatoka.